Maswali ya Simu, Jibu la Kipimo

Ukipita barazani Kibokoni au Kuze, Mombasa, lazima utaonekana, na utaulizwa waenda wapi. Ndiyo maana wengi huona haya hata kuulizia habari za virusi vya UKIMWI, seuze kwenda kupima. Programu za simu na kompyuta za kujikadiria hatari humwondolea mtu haya hiyo: zinauliza, unajibu, hakuna anayekutazama usoni.

Huuliza kuhusu kondomu, sindano za kuchangia, magonjwa ya zinaa. Swali ambalo ni rahisi kulipita, hasa kwa watu wa ndoa, ni hili: unaijua hali ya mwenzako kwa kipimo, au kwa dhana? Mke ambaye mumewe yuko melini au Uarabuni, na mume huyo mwenyewe, wasilipite. Ndoa ni heri, lakini haimwonyeshi mtu hali yake.

Programu inajua uliyoiambia tu. Yaweza kukwambia hatari yako ni ndogo na virusi unavyo. Kwa hivyo pima. Vifaa vya kujipima nyumbani vilizinduliwa Kenya mwaka 2017. Kwa kile cha mate, pitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini, kitie ndani ya kichupa, usome baada ya dakika 20, zisizidi 40. Mstari mmoja penye herufi C ni hasi. Miwili, nenda kituo cha afya wakathibitishe. Pasipo mstari penye C, kipimo kimeharibika. Anayetumia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, asikitumie. Na kama hatari ni ya karibuni, rudia baada ya miezi 3.

Lakini ikiwa jambo la hatari limetokea jana au juzi, achana na simu. Nenda Hospitali Kuu ya Pwani au kituo kilicho karibu ukaombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya hatari, kabla ya saa 72 kupita. Kila saa ina uzito. Hunywewa siku 28. Ambaye hatari humrudia mara kwa mara aulizie PrEP, dawa za kinga kabla ya hatari.

Simu ya nyumbani hushikwa na kila mtu: usiandike jina wala nambari ya kitambulisho, na ukimaliza futa historia. Tena, sheria ya UKIMWI ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima kama sharti la ajira au ndoa, na inamzuia mhudumu wa afya kutoboa siri yako.