SOMO: MTOTO MWENYE USONJI HAKUROGWA

Soma Yohana 9:1-3.

Wapendwa wazazi na waalimu wa Mantapala, wanafunzi waliuliza ni nani aliyekosa hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu hakumlaumu yeye wala wazazi wake. Basi, mtoto mwenye usonji (otizimu) tusimfiche nyumbani. Ubongo wake umekua kwa njia nyingine tu.

Kuna kitabu cha kutusaidia: Thinking in Pictures (1995). Mwandishi, Temple Grandin wa Marekani, alichelewa kusema hadi miaka 3 na nusu. Baadaye akawa profesa wa mifugo. Anaeleza kwamba yeye huwaza kwa picha.

Watoto wengine nao hufahamu wanachokiona kuliko maneno. Tumwonyeshe ndoo kabla ya kwenda kuteka maji, sahani kabla ya kula. Mwalimu ajuaye Kiingereza awasomee wazazi.