TELEVIZIO NDANI YA NYUMBA YA MUISLAMU

   

 Mara nyingi baada ya sala munanifuata na swali moja: je, inafaa Muislamu kununua televizio na kuiweka nyumbani? Nitasema ukweli. Miaka mingi nilikuwa nikijibu kwa neno moja tu: usinunue. Jibu hilo lilikuwa jepesi kwangu, lakini halikuwasaidia watoto wenu. Walikwenda kuangalia kwa jirani, ama walilipa franga kwenye vibanda vya video, gizani, kati ya vijana wavuta bangi, bila baba wala mama. Na siku hizi filme hizo hizo zinaingia kwa simu. Kwa hiyo leo najibu kwa urefu zaidi.

Televizio ni kama bidoni. Bidoni moja inabeba mafuta ya mawese, nyingine inabeba lutuku. Hatuihukumu bidoni, tunauliza ndani kuna nini na nani anaijaza. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bibi Aisha (r.a.) anaeleza kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, naye akawatazama mpaka akachoka mwenyewe. Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Lakini angalieni jambo ambalo wengi wanalipita: Mtume alikuwa amesimama pale pale, naye Aisha yuko nyuma yake, amemsitiri kwa nguo yake. Hakumwambia aende akatazame peke yake. Baba anayewasha televizio kisha anatoka kwenda barazani mpaka usiku hakuifuata Sunna hiyo.

Nitawapa kisa kimoja, bila kutaja jina la mtu. Alikuja kwangu mzee mmoja na bibi yake, wakitaka dua ya kumfukuza mchawi nyumbani. Mchawi wenyewe alikuwa msichana wa miaka tisa, yatima, mtoto wa marehemu dada wa yule mzee. Niliuliza: amefanya nini? Wakasema anakojoa kitandani, anasema maneno usingizini, na mtoto wao mdogo ameugua homa tangu alipofika. Nikauliza tena: neno hili la uchawi, nani alilitamka wa kwanza? Wakatazamana. Tulipofuata pole pole, tukafika kwenye filme. Watoto waliangalia filme ya mtoto mchawi anayekula ndugu zake usiku, watu wazima hawakuwapo. Kesho yake mmoja wao akamwambia yatima: wewe uko kama yule wa filme. Maneno yakaenda jikoni, kutoka jikoni yakafika chumbani kwa wazazi. Mpaka siku waliyokuja kwangu, yule mtoto alikuwa amekwisha kutengewa sahani yake na kulazwa stoo.

Ndugu zangu, uchawi umetajwa katika Kurani, Surat al-Baqara aya ya 102, hatuukanushi. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Surat al-Hujurat aya ya 12, inatuonya tujiepushe na dhana nyingi, na katika Surat ad-Duha Allah anakataza kumwonea yatima. Filme haiwezi kuwa shahidi. Wale ni watu wanaolipwa kuigiza, damu ile ni rangi, na kuruka angani ni kazi ya kompyuta. Kama kadhi hawezi kukubali ushahidi wa mtu mmoja aliyeota ndoto, atakubalije ushahidi wa mtu aliyelipwa kusema uongo? Tena sheria ya nchi yetu iko wazi: Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo. Anayemfukuza mtoto kwa sababu hiyo ana kesi mbili, moja hapa na moja mbele ya Allah.

Niliwaambia wampeleke kituo cha afya wote wawili, yeye na yule mdogo mwenye homa. Mdogo alikuwa na malaria, kama watoto wetu wote wanavyoipata. Kwa msichana, muuguzi hakukuta ugonjwa. Alikuta mtoto aliyefiwa na mama miezi minne iliyopita na ambaye hakuna mtu aliyemuuliza usiku analilia nini. Amerudishwa kulala na wenzake. Yule mzee hakuiuza televizio, wala mimi sikumwamuru aiuze.

Kutokana na kisa hicho ninawaomba haya. Posti ya televizio ikae saluni, mahali ambapo kila mtu anapita, isiwekwe chumba cha watoto wala upande wa kibla pale munaposalia. Telekomande iwe kwa mtu mzima. Na filme ikiisha, muulize mtoto: umeona nini? Kipi kilikuogopesha? Swali hilo dogo linafaa kuliko marufuku kumi, kwa sababu mtoto anayeogopa hasemi, anahamisha hofu yake kwa mwingine. Vilevile na habari za vita. Habari kwa Kiswahili ni jambo zuri, mwananchi ajue nchi yake inakwenda wapi, lakini zikianza kuonyesha maiti, zima. Wako watoto kati yetu walioyaona mambo hayo kwa macho yao walipokimbia, hawana haja ya kuyaona tena wakati wa chakula.

Kuhusu kuinamisha macho, Surat an-Nur imesema wazi. Wanaume wanapenda kuwasomea mabibi zao aya ya 31, wakisahau kwamba aya ya 30 imetangulia na inawahusu wao.

Sasa mpira. Simkatazi mtu mpira, mimi mwenyewe nilifurahi mwaka 2010 TP Mazembe walipofika fainali ya klabu za dunia. Lakini fanyeni hesabu. Mechi za usiku za Ulaya, wakati kwao ni baridi, kwetu huku mashariki zinaanza saa nne ya usiku, zinamalizika karibu saa sita. Maneno ya kubishana yanakula nusu saa nyingine. Alfajiri inaingia karibu na saa kumi na moja. Mtu huyo atasimama vipi? Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha, na Isha hiyo yenyewe wengine wanaisali mbio mbio mapumziko ya mechi. Ukiona kwamba mechi itakuchukulia Alfajiri, uliza matokeo asubuhi. Mabao hayabadiliki.

Wenye parabolo wanaona sala ya Makka moja kwa moja, na jambo hilo linalainisha moyo. Lakini nimeulizwa mara mbili kama mtu anaweza kusali nyumbani nyuma ya imamu wa kwenye televizio. Hapana, haisihi. Jambo la pili ni zito zaidi: katika Ramadani usifuturu kwa adhana ya Makka. Jua linazama kule kabla ya kuzama hapa Maniema. Mwezi wa Juni tofauti ni dakika chache, lakini Desemba inapita saa nzima. Aliyefungua kwa adhana ile alikula mchana, na siku hiyo atailipa.

Mambo ya vyombo nayo ni amana, musiyadharau. Gurupu isiwashwe ndani ya nyumba wala verandani karibu na dirisha: katika moshi wake muna hewa isiyoonekana, inaua watu waliolala bila kuwaamsha. Umeme ukikatika, chomoa prizi, sababu unaporudi unarudi na nguvu na kuunguza posti. Radi ikianza, chomoa prizi na waya wa antena pia. Sauti ipunguzwe usiku, jirani ana haki yake.

Na kabla ya kununua, baba, keti na bibi yako muhesabu. Kama minervali ya watoto haijalipwa, kama deni la dukani bado liko, televizio ingoje. Petroli ya gurupu ya jioni moja, mara siku thelathini, wengi wangeshangaa wakiiandika kwenye karatasi.

Mwenye mtoto anayesemwa kwa uchawi nyumbani kwake ama kwa jirani yake, asingoje Ijumaa. Aje kwangu siku yoyote baada ya Alasiri, na amlete mtoto mwenyewe, nimsikilize yeye kwanza.

Wabillahi tawfiq.