Wachumi wa kale wa Ufaransa: wasome kupitia bei ya ngano

Wengi wanaotafuta chimbuko la soko huria humpitia Adam Smith, wakarudi nyuma hadi kwa François Quesnay, daktari wa Versailles, na kukwama kwenye jedwali lake la uchumi la mwaka 1758. Liweke kando kwa sasa. Jifunze kwanza jinsi biashara ya nafaka ilivyobanwa.

Katika Ufaransa ya enzi hizo, mkate ndio uliokuwa uhai wa maskini, na dola liliogopa njaa. Kwa hiyo mfanyabiashara wa nafaka aliwekewa vibali na kulazimishwa kuuzia sokoni tu. Ukishalijua hilo, mfungue Boisguilbert, hakimu wa Rouen, aliyeandika mwaka 1695. Hoja yake ifuatilie hatua kwa hatua: bei ya ngano ikishuka mno, mkulima hapati hata gharama zake, anaacha kulima mashamba duni, mavuno yanapungua, mwaka mbaya ukija, njaa inawakuta watu wale wale waliokuwa wakilindwa. Irudie kwa maneno yako mwenyewe mpaka ikae.

Halafu nenda kwa Turgot, mtetezi mwingine wa biashara huru ya nafaka. Kitabu chake cha mwaka 1766 kuhusu utajiri kina vipengele vifupifupi vipatavyo mia moja. Soma vichache kwa siku, kalamu mkononi, na pembeni ya kila kimoja andika nani anazuiwa na nani anafaidika na kizuizi hicho.

Usiishie kwenye nadharia. Agosti 1774 Turgot alikabidhiwa hazina ya mfalme, na Septemba akaruhusu nafaka iuzwe kwa uhuru ndani ya nchi. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Bei ikapanda, na kufikia Aprili na Mei 1775 watu walikuwa wakivamia masoko na maghala. Jeshi likatumwa kuwazima. Mei 1776 Turgot alifukuzwa kazi. Wapenzi wengi wa soko huria huziruka kurasa hizi, na hapo ndipo wanapokosa somo lenyewe: hoja ya Boisguilbert inahitaji misimu kadhaa ili itimie, ilhali mwenye njaa anahitaji mkate leo.

Kwa sababu hiyo msome pia Galiani, Mwitalia aliyeandika kwa Kifaransa mwaka 1770 kuwapinga wafuasi wa Quesnay waliotetea uhuru wa biashara hiyo ya nafaka. Andika jibu ambalo Turgot angempa, kisha lipime kwa yaliyotokea 1775.