Kitambulisho cha elfu ishirini

Mwaka wa kwanza mhadhiri alituuliza: kodi ya haki ni ipi, kila mtu alipe kiasi kilekile au alipe kadiri ya uwezo? Darasa zima tukajibu, "Kadiri ya uwezo!" Mimi nikamkumbuka mama, anayeuza nyanya Tunduma, hatua chache kutoka mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia.

Desemba 2018 Rais Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, yaani wale ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Bei ilikuwa moja kwa wote: 20,000 kwa mwaka.

Tupige hesabu. Mwenye mauzo ya karibu 4,000,000 anatoa asilimia 0.5. Mwenye 1,000,000 anatoa asilimia 2, mara nne zaidi. Kwa kipimo cha darasani, malipo haya yanamwelemea mnyonge.

Sasa mbona mama alikichukua kwa furaha? Kwa sababu hakukilinganisha na kitabu, alikilinganisha na ushuru wa kila siku. Tuseme ushuru ni 300, kwa siku 300 za kazi: tayari 90,000. Na unadaiwa hata siku ambayo hajauza fungu moja. "Mwanangu," aliniambia, "hela ndogo ya kila asubuhi inauma kuliko kubwa ya mara moja."

Ila hapo ndipo wengi tunaishia, na hesabu haijaisha. Ushuru wa soko ni mapato ya halmashauri. Na kisheria, halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ushuru ukipungua bila chanzo kingine kuziba pengo, mfuko wa mikopo nao unapungua. Nafuu aliyopata mama mezani inaweza kupunguza mkopo wa kikundi chake.

Kwa hiyo, mwanafunzi mwenzangu, ukiulizwa kama kodi fulani ni ya haki, usikimbilie jibu. Uliza kwanza: inachukua sehemu gani ya kipato? Imechukua nafasi ya malipo gani? Ikishakusanywa, inamrudia nani? Mama anayajua maswali mawili ya mwanzo kwa kuyaishi. Hilo la tatu ndilo sisi tuliosomeshwa kwa nyanya zake tunapaswa kumuulizia.