Picha moja haitoshi maduka mawili

DODOMA: Mnunuzi wa nafaka katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hanunui gunia lililoshonwa mdomo bila kujua kilichomo. Huchoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache kiganjani, akazitazama, ndipo akataja bei. Mfanyabiashara anayepeleka huduma yake kwenye simu hana budi kukumbuka desturi hiyo. Katika duka la programu, mteja naye hutaka kuonja kabla ya kutumia bando lake, na kinachomwonjesha ni picha za skrini.

Picha hizo hupigwa kutoka ndani ya programu yenyewe na kuwekwa kwenye ukurasa wake dukani. Wengi huziacha mpaka siku ya mwisho. Fundi hulipwa, programu hukamilika, kisha picha mbili tatu hupigwa haraka haraka na kupelekwa. Matokeo yake ama ni kukataliwa na duka, ama ni kukubaliwa na kupitwa na wateja. Hasara zote mbili hubebwa na mwenye mtaji.

Maduka makubwa ni mawili. App Store ya kampuni ya Apple ilifunguliwa Julai 2008. La simu za Android lilifunguliwa Oktoba mwaka huo huo kwa jina la Android Market, na tangu Machi 2012 linaitwa Google Play. Ada ya kuuza Google Play ni dola 25 za Marekani, hulipwa mara moja. Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Kwa mtaji mdogo, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua ni duka lipi lianze.

Vipimo havilingani

Google hutaka picha zisizopungua 2 kwa jumla, na zisizozidi 8 kwa kila aina ya kifaa, yaani simu au kompyuta kibao. Ziwe za JPEG au PNG isiyo na sehemu za uwazi, na kila moja isizidi megabaiti 8. Kwa picha za simu, kila upande uwe kati ya nukta, yaani pikseli, 320 na 3,840. Sharti linalowanasa wengi ni hili: upande mrefu usizidi mara mbili ya upande mfupi.

Apple huruhusu picha 1 hadi 10, lakini haikubali kipimo cha kukadiria. Kwa iPhone zenye kioo cha inchi 6.9, picha ya wima inaweza kuwa nukta 1290 kwa 2796, au 1320 kwa 2868. Ikiwa programu inafanya kazi pia kwenye iPad, inatakiwa seti nyingine ya inchi 13, mathalani 2064 kwa 2752. Simu ndogo zaidi hazihitaji seti yake, kwani Apple huzipunguza picha kubwa yenyewe.

Sasa ifanywe hesabu. Simu nyingi za Android za miaka hii hupiga picha ya skrini ya nukta 1080 kwa 2400. Mara mbili ya 1080 ni 2160. Picha hiyo imezidi kwa nukta 240, kwa hiyo haifai Google Play ingawa imetoka kwenye simu ya Android. Ile ya Apple ya 1290 kwa 2796 nayo haifai, maana mara mbili ya 1290 ni 2580, na imezidi kwa nukta 216. Ndiyo sababu anayetengeneza seti moja ya picha za simu na kuipeleka kote hukwama.

Dawa yake si kuivuta picha mpaka maandishi yapindike. Fundi aandae turubai ya rangi moja ya nukta 1080 kwa 1920. Juu aache nukta 320 za kichwa cha maneno. Picha ya skrini aipunguze hadi 675 kwa 1500, aiweke chini ya kichwa, na nukta 100 zibaki chini kama ukingo. Jumla ni 1920 kamili, na umbo la picha halikuharibika. Kichwa nacho kimebaki chini ya asilimia 20 ya picha, kiwango ambacho Google inashauri kisivukwe.

Picha za Apple zipigwe kwenye iPhone au kwenye kiigizo chake ndani ya kompyuta ya Mac. Kanuni za Apple hazitaki majina wala alama za mifumo mingine ya simu. Picha iliyopigwa kwenye Android husalitiwa na mstari wa juu wenye saa na betri.

Aidha, Google inadai picha ya bango ya nukta 1024 kwa 500 na nembo ya 512 kwa 512. Nembo ya Apple ni 1024 kwa 1024.

Nini kionekane

Tuseme mfanyabiashara wa Kibaigwa ana programu ya kuagiza alizeti, mahindi na mtama. Picha ya kwanza isiwe nembo wala ukurasa wa kuingiza namba ya siri. Apple imeandika wazi katika kanuni zake kwamba picha zionyeshe programu ikitumika, si ukurasa wa kuingilia. Zaidi ya hayo, mteja anapotafuta kwenye App Store huona picha tatu za kwanza za wima ikiwa hakuna video. Hizo tatu ndizo zifanye kazi ya kuuza.

Mpangilio unaofaa ni ule wa biashara yenyewe. Ya kwanza ionyeshe mazao yaliyopo na bei. Ya pili, kuagiza kwa uzito, na kichwa chake kinaweza kuwa "Uzito kwa kilo, bila lumbesa". Mkulima wa kanda ya kati aliyewahi kupoteza kilo kadhaa katika kila gunia hahitaji maelezo zaidi. Ya tatu, malipo na risiti. Ya nne, mzigo ulipofika. Maneno manne au matano yanatosha, yawe ya Kiswahili, na herufi ziwe nene za rangi iliyokolea, maana simu hutazamwa juani. Google Play inaruhusu ukurasa wa duka uwe na maelezo na picha za Kiswahili kando ya zile za Kiingereza.

Maneno ya kujisifu yaachwe. Google inataka picha ziepuke madai kama "namba moja" au "bora kuliko zote", na amri kama "pakua sasa".

Bei na majina ya watu

Hapa ndipo palipo na hatari kubwa zaidi. Picha ya skrini hukaa dukani miezi mingi, lakini bei ya alizeti haikai. Mkulima wa Kondoa akiona bei ya Juni kwenye picha mwezi Novemba, anaweza kukodi gari na kuleta mzigo kwa bei isiyokuwepo. Bei inayoonekana iandikwe "mfano" kwa herufi zinazosomeka. Programu ya hisa au vipande vya uwekezaji nayo isionyeshe salio lililonona kana kwamba kila mteja atalipata.

Majina na namba za simu za wateja halisi yasionekane kabisa. Kanuni za Apple zinataka zitumike taarifa za kubuni badala ya za mtu halisi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Risiti ya mteja iliyotundikwa dukani bila idhini yake ni kesi inayosubiri mlalamikaji. Fundi afungue akaunti ya majaribio yenye majina ya kubuni, na picha zote zipigwe humo.

Kwa mwekezaji mdogo, somo hili lina upande wa pili. Picha nzuri si ushahidi wa uaminifu, kwani tapeli anaweza kuzinakili kutoka programu halali. Anayetafuta programu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE Hisa Kiganjani, asome kwanza jina la mchapishaji, kisha ndipo atazame picha.

Kalenda ya msimu

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, na mavuno huanza kuonekana sokoni mwezi Mei. Programu inayofunguliwa Septemba imekuta sehemu kubwa ya biashara imekwisha fanyika. Akaunti ya mtu binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hutakiwa kwanza kufanya majaribio na watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Baada ya hapo kuna ukaguzi unaoweza kuchukua siku 7 au zaidi. Hizo ni wiki tatu kabla ya kosa lolote. Akaunti ya kampuni haina sharti la majaribio hayo, ila huhitaji namba ya D-U-N-S, ambayo nayo husubiriwa. Kwa Apple, maombi mengi hukaguliwa ndani ya saa 24, lakini kila kukataliwa humrudisha mwombaji mwanzo wa foleni.

Anayelenga Mei, basi, afungue akaunti Machi. Siku 14 za majaribio ndizo siku za kutengeneza picha. Watu wale 12 waonyeshwe kwanza picha, kabla ya programu, wakiwa na simu zao sokoni mchana. Waulizwe swali moja: "Hii inauza nini?" Wakisita, kichwa cha picha ya kwanza kibadilishwe. Kubadili maneno wakati huo ni kazi ya saa moja. Kuyabadili baada ya mavuno ni kusubiri mwaka mzima.