HEWA YA BAHARI NA HEWA YA SHANTIE: NDANI YAKE MNA NINI?



Mfanyakazi mmoja alirudi kutoka Moanda, pwani ya Kongo yetu. Alinijia dispansere na kuniuliza: «Munganga, kule hakuna mashine ya kuponda mawe, hewa ni safi. Juu ya nini basi mabati ya mukubwa wangu yanaliwa na kutu upesi kuliko yetu?»

Nilimjibu: hewa ya bahari nayo ina vumbi lake. Mawimbi yakipasuka, mapovu yanarusha matone madogo. Maji yanakauka, chumvi inabaki na upepo unaichukua. Litre moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Sehemu kubwa ni kloro na sodiamu, chumvi ile ile ya jikoni. Inavuta unyevu, na chuma kinaoza.

Tena si chumvi peke yake. Wakati wa kiangazi moto wa pori unaleta moshi. Injini za mazutu zinatoa masizi. Gazi ya kiberiti inayotoka katika mafuta inageuka hewani kuwa sulfati. Chembe za chumvi nyingi ni kubwa. Zile za moshi ni ndogo sana.

Ukubwa huo ndio wa kuangalia. Gawanya milimita moja mara 1000: sehemu moja ni mikromita. Unywele una karibu mikromita 70. Chembe inayopita mikromita 10 inashikwa zaidi puani na kooni. Ile isiyofika 2,5 inashuka mpaka chini kabisa ya mapafu.

Sasa turudi shantie. Jiwe likitobolewa au kupondwa, linatoa chembe za silisi. Chumvi inayeyuka mwilini, silisi haiyeyuki. Pafu linapigana nayo na kufanya makovu magumu. Ugonjwa huo ni silikozi. Hakuna dawa ya kuondoa makovu hayo, na kifua kikuu kinaingia kwa urahisi.

Yule ndugu alipokuwa akiniuliza habari za mabati, alikohoa mara tatu, na maski ilikuwa shingoni. Ametoboa mawe miaka 14. Nilimpeleka kwa picha ya kifua: madoa yameanza. Bati linaonyesha kutu mapema, lakini pafu linaweza kunyamaza miaka 10 na zaidi.

Kwa hiyo:

1. Toboa kwa maji. Jiwe lililolowana halitoi vumbi jingi.
2. Vaa maski ya vumbi puani na mdomoni, si shingoni. Kitambaa hakizuii chembe ndogo.
3. Usipulize nguo kwa hewa ya kompresa, wala usifagie kukavu.
4. Oga na kubadili salopeti kabla ya kurudi nyumbani. Mama, usiikung'ute mbele ya watoto, ilowanishe kwanza.
5. Mbabula ya makala ikae nje. Ndani ya chumba kilichofungwa, gazi yake isiyo na harufu inaua watu usingizini.
6. Ukiitwa kwa picha ya kifua, kuja, hata kama hukohoi.

Wandugu, bati likioza tunanunua lingine. Mapafu hayauzwi sokoni.