JANGA LIKIINGIA, MWANAGENZI WA HOSPITALI HUJIFUNZA WAPI?

Ndugu msomaji, ukisikia neno hospitali, mawazo hukimbilia daktari na muuguzi. Kumbe wapo wengine: mpiga picha za eksirei, mtaalamu wa maabara, na yule wa tiba ya viungo amfundishaye aliyepooza kusimama tena. Wote hao husoma darasani, kisha hupelekwa wodini wakajifunze kazi yenyewe chini ya msimamizi.

Basi tazama yaliyotokea mwaka wa 2020. Tarehe 13 Machi, Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe. Wanagenzi wakafunganya virago. Mbona wasiachwe hospitalini, ilhali ndiko kwenye kazi? Sababu ni tatu.

Kwanza, vifaa vya kujikinga. Barakoa na glavu zilikuwa haba duniani kote, na kila mwanafunzi aliyeongezeka wodini alihitaji zake.

Pili, wasimamizi walilemewa. Anayekimbizana na wagonjwa mahututi atapata wapi nafasi ya kumwelekeza mwanafunzi?

Tatu, wagonjwa wa kawaida walipungua. Kliniki zisizo za dharura ziliahirishwa, na wengine walibaki nyumbani kwa kuogopa kuambukizwa. Pasipo mgonjwa, somo hakuna.

Vyuo vingi viligeukia masomo ya intaneti. Hayo yalifaa kwa nadharia, wala hatuyadharau. Lakini hebu jiulize: utajifunzaje kupata mshipa wa damu wa mtoto anayelia kwa kutazama simu? Utajuaje, bila kugusa, msuli uliolegea na msuli uliokaza? Sanamu za mazoezi husaidia, ila sanamu haishtuki wala haiogopi sindano. Tena si kila kijiji kina mtandao, na bando ni pesa.

Hapo ndipo penye mtihani. Ukimpitisha mwanafunzi bila mazoezi, atakayeumia ni mgonjwa. Ukimchelewesha, hospitali hukosa mikono wakati inapoihitaji zaidi.

Tufanyeje basi? Akiba ya vifaa vya kujikinga iwahesabu wanafunzi pia. Nao wapimwe kwa ujuzi waliopata, si kwa idadi ya siku walizokaa wodini tu. Mipango hii ifanywe sasa, kungali shwari. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.